Ukipanda Baiskeli Korogwe, Wewe Ndiwe Mwanga

Nenda kwenye uwanja wa mpira uliopigwa chokaa pale Korogwe, usimame katikati, mahali mpira unapowekwa kabla ya filimbi ya kwanza. Duara linalokuzunguka, kwa sheria za soka za dunia nzima, lina nusukipenyo cha mita 9.15. Ukingo hadi ukingo ni mita 18.3. Liite duara hilo Jua.

Jua lenyewe lina kipenyo cha kilomita 1,392,000. Gawa kwa 18.3 utapata kwamba kila mita moja ya ardhi unayoikanyaga inabeba kilomita 76,000 za anga, na kila kilomita moja inabeba milioni 76. Neptuni, sayari iliyo mbali kuliko zote, iko kilomita milioni 4,500 kutoka kwenye Jua. Kwa skeli yetu hiyo ni kilomita 59.2. Na barabara ya lami ya kutoka Korogwe hadi Handeni ina urefu wa kilomita 65.

Hakuna aliyepanga hivyo. Waliopima duara la mpira hawakuijua Handeni, na waliomwaga lami hawakuwa wakiiwazia Neptuni. Lakini bahati ikishaangukia mikononi mwako huiachi ipotee, na mwongozo huu ni wa mwalimu, kiongozi wa skauti, mzazi au kijana yeyote mwenye baiskeli anayetaka kuutandaza mfumo wa Jua juu ya barabara hiyo, kisha aufiche ndani ya makopo watu wautafute.

Anza na uwanja. Chagua ulio upande wa mji unaotokea kwenda Handeni, ili watoto wasilazimike kuvuka barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, yenye malori na mabasi yasiyomngoja mtu. Usiliamini duara lililokwisha chorwa, maana viwanja vingi hupimwa kwa hatua za mguu, na mguu wa kila mtu una mita yake. Chukua kamba ya mkonge (ukikosa mkonge Korogwe, hujatafuta), ipime mita 9.15 kwa futi kamba, funga ncha moja kwenye kigingi cha katikati na uzunguke na ncha ya pili ukimwaga chokaa au majivu. Simamisha wanafunzi kuzunguka mstari wote. Hilo ndilo Jua, na kila kitakachofuata ni kidogo mno mbele yake.

Sayari nne za kwanza zote ziko ndani ya mwendo wa miguu. Utaridi iko mita 760 kutoka katikati ya uwanja na ina kipenyo cha sentimita 6.4, limau kubwa. Zuhura iko kilomita 1.42, mpira wa sentimita 15.9. Dunia ni kilomita 1.97, sentimita 16.8. Mirihi iko kilomita 3 kamili, nayo ni chungwa la sentimita 8.9, likitoka Muheza ni bora zaidi, ila ukiliacha kwenye kopo utakuta mbegu. Tengeneza mipira hiyo kwa matambara na uzi wa katani, kama ile ya chandimu. Kipenyo cha mpira ni kigumu kupima, lakini mzingo ni rahisi. Azima futi ya fundi cherehani, uizungushe, kisha ugawe kwa 3.14. Dunia ikitimia mzingo wa sentimita 52 na nusu, au 53, acha kuongeza matambara. Zuhura ni 50.

Hapa kwenye Dunia usiwe na haraka, kwa sababu hapa ndipo mtoto anapoanza kunyamaza. Mwezi ni ndimu ya sentimita 4.6, na inakaa mita tano kutoka kwenye ule mpira. Mita tano tu. Kati ya 1969 na 1972 watu 12 walitembea juu ya ile ndimu, na waliporudi walipokewa kama mashujaa kwa kuvuka upana wa chumba cha darasa. Kisha mwambie mtoto atafute Tanzania kwenye mpira: ni kama sentimita moja na nusu kutoka kaskazini hadi kusini. Barabara yote ya kilomita 65 mnayotaka kuisafiri haifiki milimita moja. Kilimanjaro, pamoja na theluji yake, ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari.

Neno kuhusu majina, kwa sababu ubishi utatokea na ni heri uwe tayari. Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali ni majina yaliyotufikia kwa Kiarabu, kupitia mabaharia na wanajimu wa pwani waliozisoma nyota kabla shule haijafika. Kwenye vitabu yamepishana. Wako wanaoiita Utaridi kwa jina la Zebaki, na zipo orodha zilizoichukua Utaridi zikaipa Pluto, zikaihamishia Zohali kwa Uranusi, na Neptuni zikaiita Kausi. Mimi nafuata mpangilio wa pwani. Wewe andika kwenye kadi jina linalotumika katika kitabu cha shule mnayoshirikiana nayo, na chini yake uandike lile jingine. Mtoto aliyejua majina mawili hatapotea kwenye mtihani wala baharini.

Sasa makopo. Mchezo wa kuficha vitu na kuvisaka kwa GPS una tarehe ya kuzaliwa. Mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani iliacha kuyavuruga mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na ghafla kifaa cha mkononi kikaweza kukufikisha karibu kabisa na mahali unapopataka. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo msituni katika jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali ilipo, akasema atakayeifikia achukue kitu na aache kitu. Tangu hapo mchezo umesambaa nchi nyingi. Simu yoyote yenye ramani inatosha. Uwanda ukiwa wazi simu hukosea mita chache tu, na ukiandika namba za latitudo na longitudo kwa tarakimu tano baada ya nukta, tarakimu ya mwisho ni kama mita moja ya ardhi. Ukiandika tarakimu mbili tu, kama wengi wanavyofanya kwa uvivu, utawapeleka watu kilomita moja pembeni, kwenye shamba la mtu mwenye mbwa.

Kopo liwe la plastiki, lenye mfuniko wa kukaza kwa kuzungusha. Ndani weka daftari dogo, penseli (kalamu ya wino hukauka kwa joto), kadi ya sayari, na mhuri. Mhuri huchongwa kwa wembe kutoka kwenye soli ya kandambili iliyokufa, na wino ni maji ya mkaa au rangi ya maji. Mchonge Zuhura kwa duara tupu, Zohali kwa duara lenye pete, na kadhalika. Kila kundi linakwenda na daftari lake na kugonga mhuri kila kituo, hivyo hakuna wa kusema amefika Uranusi kumbe aliishia kwa muuza chai. Kwenye kadi andika pia tarakimu moja ya siri. Tarakimu zote zikikusanywa ndizo zinazofungua mahali pa kopo la mwisho.

Kielekezo kiwe kitendawili. Watoto wa Uzigua na Usambaa wamekulia kwenye vitendawili, na namba za simu peke yake zinachosha. Tunga mwenyewe. Kwa Zuhura, ambayo ni ile ile nyota ya alfajiri na nyota ya jioni, mimi ningetega hivi: humtangulia bwana asubuhi, humsindikiza bwana jioni, lakini usiku wa manane humwoni. Kwa Mirihi: jirani mwenye uso wa kutu asiye na mvua. Kwa Utaridi: anaishi kando ya moto na mgongo wake umeganda. (Ni kweli: usiku wa Utaridi hushuka hadi karibu nyuzi 180 chini ya sifuri, kwa kuwa haina hewa ya maana ya kushika joto.)

Kuna jambo moja ambalo miongozo ya wenzetu wa Ulaya na Marekani haitakwambia. Kopo lililofungwa vizuri, limefichwa kwenye mzizi wa mbuyu au chini ya jiwe, na ndani yake kuna karatasi zenye duara na namba, si kila atakayeliona atafikiri ni elimu ya anga. Atafikiri ni kitu cha mtu, kimewekwa kwa ajili ya mtu. Usicheke, na usione watu washamba. Nawe ungelikuta mlangoni kwako ungerudi nyuma hatua mbili. Kwa hiyo kabla ya kuficha chochote nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji wa kijiji, ulifungue kopo mbele yao, waione ile kandambili, wacheke wao kwanza. Andika juu ya kopo kwa herufi kubwa: MCHEZO WA SAYARI, na jina la shule. Usitumie kitambaa chekundu kwa alama. Ukiweza, mpe mwenye duka la karibu kazi ya kulitazama, naye mwongezee heshima ya kuitwa mlinzi wa Mirihi.

Usiingie kwenye mashamba ya mkonge bila ruhusa ya wenyewe, na hata ukiruhusiwa kumbuka kuwa ncha ya jani la mkonge iko sawa na macho ya mtoto. Usifiche kopo kando ya mto Pangani, kuna mamba. Usipigilie kitu kwenye alama za barabarani. Kabla ya kutia mkono chini ya jiwe, tia fimbo.

Ukishaipita Mirihi, kazi ya miguu imekwisha na mnahitaji baiskeli. Na hapa ndipo penye siri ya skeli hii, iliyonifanya niandike mwongozo wote.

Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwenye skeli yetu hiyo ni mita 3.94 kwa sekunde, yaani kama kilomita 14 kwa saa. Ni mwendo wa baiskeli. Si wa mashindano, ni ule wa mtu anayekwenda sokoni na mkungu mmoja wa ndizi nyuma, asiye na haraka wala uvivu. Ukiondoka kwenye duara la chokaa ukapiga pedali kwa mwendo huo, utafika kwenye mpira wa Dunia baada ya dakika 8 na sekunde 20, sawasawa na muda ambao mwanga wa Jua hutumia kutufikia. Hufundishi tena kasi ya mwanga. Umekuwa mwanga.

Kushika mwendo huo ni rahisi ukiwa na saa: kilomita moja kwa dakika 4 na sekunde 14. Mirihi ni dakika 12 na sekunde 40. Mshtarii, kwenye kilomita 10.2, ni dakika 43. Zohali, kilomita 18.8, ni saa moja na dakika 20. Uranusi, kilomita 37.7, ni saa mbili na dakika 40. Neptuni ni saa nne na dakika kumi. Usijidanganye kwamba ni tambarare. Handeni iko juu kuliko Korogwe, na mwanga wetu utatoka jasho. Ukikuta kilima, shuka usukume, kisha ufidie kwenye mteremko. Bodaboda akikupita kwa kilomita 60 kwa saa, mwache: amekwenda mara nne ya kasi ya mwanga, na Einstein aliishasema haiwezekani.

Jaribu mchezo huu kabla ya safari ndefu, ukiwa na vijana wawili na baiskeli mbili. Mmoja abaki kwenye Dunia, mwingine awe Mirihi. Siku sayari hizo zinapokaribiana ziko umbali wa kilomita moja hivi kwenye barabara yetu. Wa Dunia anaandika swali kwenye karatasi, mpanda baiskeli analipeleka kwa mwendo wa mwanga, wa Mirihi anajibu, jibu linarudi. Wape swali la maana, kwa mfano: mbele yako kuna shimo, nifanye nini? Zikipita karibu dakika tisa kabla jibu halijarudi, wataelewa kwa nini magari ya uchunguzi yaliyoko Mirihi lazima yajiamulie mengi yenyewe. Simu zizimwe, maana simu inaharibu kila kitu.

Kati ya Mirihi na Mshtarii pana kilomita saba za upweke, na kwenye kilomita 5.4 weka kopo ambalo wengi hawatalitarajia. Hapo ni kwa Ceres, kubwa kuliko asteroidi zote, na kwa skeli yetu ni punje moja ya mahindi. Ibandike kwa gundi kwenye kadi. Upande wa pili wa kadi andika habari ya Ivuna. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kusini-magharibi mwa nchi yetu, na kilichookotwa hakikufika hata kilo moja. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba jiwe hilo, ukiondoa gesi nyepesi, lina viambato karibu sawa na vya Jua lenyewe. Ni mabaki ya malighafi iliyotumika kuumba mfumo wote. Mawe ya aina hiyo yaliyoonekana yakianguka ni machache mno, yanahesabika kwa vidole. Wanasayansi huyapanga kwenye kundi la CI, na ile herufi I ni Ivuna. Watanzania wengi wamesikia habari za kimondo cha Mbozi, lile bonge la chuma la tani nyingi ambalo watu hupiga nalo picha. Cha Ivuna kingeingia mfukoni, na ndicho kinachotajwa kwenye maabara za dunia nzima.

Mshtarii ina kipenyo cha mita 1.84, zaidi ya urefu wa watu wengi. Hapo mpira wa matambara hautoshi. Pinda fito mbichi uzifunge ziwe pete, uitundike kwenye mti, au uombe ukuta wa darasa uchore duara kwa rangi. Zohali ni mita 1.53, na pete zake zinafika mita 3.6. Ukuta ni bora, maana pete za fito zitaishia kuwa banda la kuku la mtu. Kwa Uranusi na Neptuni fundi baiskeli ana jibu tayari. Zina sentimita 67 na 65, karibu sawa na ringi tupu ya baiskeli kubwa, ile ya 28, ikiwa bila tairi. Tafuta mbili zilizopinda, zipake buluu, zitundike.

Njiani utapita Sindeni na Misima. Usiweke vituo kwa kufuata majina ya vijiji wala vivuli vizuri; fuata kilomita za kwenye mita ya pikipiki, ukianzia katikati ya uwanja. Ni kweli kwamba barabara hupinda na anga haipindi, na kwa mstari ulionyooka Handeni iko karibu zaidi. Mwenye kutaka usahihi kamili apime kwa ramani ya simu, lakini atapoteza baiskeli, na bila baiskeli mchezo huu ni hesabu tu. Waambie pia washiriki kwamba sayari hazijipangi mstari mmoja namna hii. Kila moja inazunguka kwa wakati wake. Neptuni, iliyogunduliwa mwaka 1846, ilimaliza mzunguko wake wa kwanza tangu tuijue mwaka 2011.

Safari ndefu fanya kati ya Juni na Septemba, masika yakiwa yameisha na vuli bado. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu awe na lita tatu za maji, pampu na viraka. Watoto wa shule ya msingi waishie Mirihi. Wa sekondari wanaweza kwenda Mshtarii na kurudi. Kuanzia Zohali ni kwa watu wazima wanaojua kuendesha ukingoni mwa barabara.

Pluto? Mwaka 2006 iliondolewa kwenye orodha ya sayari, lakini watu bado wanaiulizia kama ndugu aliyehama kijiji. Kwa wastani iko kilomita 77.6, yaani unaipita Handeni mjini, unashika barabara ya Mkata na kwenda kilomita 12 zaidi. Kopo la mwisho lifichwe huko, lile linalofunguliwa na tarakimu zote za siri. Ndani yake kuwe na mpira mdogo wa matambara wa sentimita 3.1 kuukumbuka udogo wake, na kadi moja yenye habari mbili. Kwanza, chombo cha Voyager 1, kilichorushwa Septemba 1977, kwa skeli hii kimeshapita kilomita 300 kutoka kwenye uwanja wenu, mbali kuliko Dar es Salaam, na kinaendelea mita 19 kwa siku, konokono angekipita. Pili, nyota iliyo jirani kabisa na Jua ingekuwa kilomita 527,000 kutoka Korogwe. Usiku huo, mkiwa Handeni, mwezi ukichomoza, waonyeshe watu: nyota hiyo, kwenye modeli yetu iliyoanza na duara la chokaa, iko nyuma ya mwezi ule wa kweli.

Kurudi, pandeni basi asubuhi. Litawafikisha kwenye Jua kwa muda wa saa moja na ushei, mara nne ya kasi ya mwanga. Nauli ya baiskeli mwelewane na kondakta kabla hamjazipakia.